Pikapu ya Fundi na Maji ya Bondeni

Gari la matangazo lilipita asubuhi likipaza sauti mtaa mzima: mto umevunja kingo huko juu, kila anayekaa bondeni apande mlimani upesi. Mama Pindo, mshona nguo, alikuwa amepiga magoti akimvalisha mumewe soksi.

Mumewe kila mtu alimwita Fundi, hata wakwe zake. Miaka nenda miaka rudi alitengeneza magari ya watu pale uani, mpaka kiharusi kilipomwangusha. Kilimnyang'anya mkono na mguu wa kulia, kikabeba na maneno yake yote isipokuwa moja: hapana. Akitaka maji, hapana. Akifurahi, hapana. Ilimchukua mkewe muda kuijua lugha hiyo mpya. Hapana fupi, ya kukata, maana yake ndiyo. Hapana ndefu, ya kuvuta, ndiyo hapana yenyewe.

Jirani yao, muuza vyombo, alisimamisha gari lake langoni. Lilikuwa limejaa watoto na magodoro hadi juu ya paa.

"Shemeji, humu hata sindano haiingii. Nawashusha hawa, nageuza kuwafuata. Msitoke!"

Hakurudi. Kumbe kule juu askari walikuwa wameziba njia, haliruhusiwi gari lolote kushuka. Mama Pindo alisubiri mlangoni, shingo ameinyoosha, hadi mtaa ukanyamaza kabisa. Ukimya ule ndio uliomtisha kuliko tangazo. Hata mbwa hawakubweka.

Kisha maji yakaja. Hayakuja kwa kishindo. Yalipenya chini ya lango kama mgeni mwenye haya, yakisukuma majani na kandambili moja ya mtoto.

Uani palikuwa na pikapu kuukuu ya Fundi, iliyozidi umri wa ndoa yao. Jirani alikuwa akiiwasha mara kwa mara ili betri isife, ila tangu mvua zianze hakuna aliyeigusa. Mama Pindo alimkumbatia mumewe kwa nyuma, chini ya makwapa, wakaenda kinyumenyume, miguu ya Fundi ikichora mistari kwenye tope. Akampakia upande wa abiria. Akazunguka, akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Tik. Basi.

Akajaribu tena. Tik. Taa ya dashibodi ikafifia kama jicho la mgonjwa.

"Betri imekufa?" aliuliza.

"Hapaaana," Fundi alivuta, akigonga kiganja kwa kidole, kama kuonyesha mahali waya unaposhika kwenye betri.

Akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani, kama ukungu wa mkate. Alikwangua kwa mkasi wake wa kukatia vitambaa, mkasi ambao hakuruhusu mtu aukatie hata karatasi, akakaza nyaya kwa spana huku vidole vikiteleza. Safari hii stata ilizunguka kwa nguvu, injini ikakohoa hewa tupu, ikazunguka, ikazunguka. Haikuwaka.

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vyake.

"Petroli hakuna?"

"Hapaaana."

"Moto? Cheche haifiki?"

"Hapana!" Fupi, kali. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa akiisikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua.

Mara ngapi Mama Pindo alimwona akifanya hivi, yeye akiwa ameshika sahani ya chakula kinachopoa! Sasa yeye ndiye aliyechomoa waya mnene kwenye plagi, akaushika kwa kitambaa kikavu, akausogeza karibu na chuma cha injini. Tundu la ufunguo lilikuwa katikati ya dashibodi. Fundi akalifikia kwa mkono wake mzima.

"Washa!"

Stata ikalia. Kwenye ncha ya waya, giza tupu. Hata kijicheche cha kudanganyia hakikutoka.

"Waya mbovu?"

"Hapaaana."

"Ile kofia nyeusi, zinakotokea nyaya zote?"

"Hapana!"

Akaibandua kofia kwa bisibisi. Ndani ilikuwa imetoa jasho kama sufuria iliyofunikwa. Akaipangusa kwa pindo la gauni, kila kona, akairudisha. "Washa!" Stata ikazunguka. Bado. Sasa ilizunguka kivivu kidogo, na betri ikichoka hakuna tena la kuulizana.

Maji yaligusa ngazi ya mlango wa pikapu. Nyuma ya nyumba kitu kizito kilianguka, pengine ukuta wa choo. Fundi aliachia ufunguo. Akanyoosha mkono kuelekea mlimani, akamtazama mkewe, akasema hapana taratibu, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Hakuhitaji kufafanuliwa. Nenda. Niache.

"Usinitie wazimu!" alifoka, machozi yakimtoka. "Nipande huko nikae na nani? Niambie kilichoharibika!"

Fundi akafumba macho. Kisha akainua vidole viwili, akavikutanisha na kuviachanisha, upesi upesi, halafu akasugua kidole gumba. Mama Pindo akadhani anaomba sigara, nusura amzabe kofi. Ndipo akakumbuka: chini ya kofia ile, vijiulimi viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana.

"Vimeshika kutu? Nivisugue?"

"Hapana! Hapana! Hapana!"

Msasa ulikuwa kwenye droo ya cherehani. Alikimbilia ndani, maji yakimvuta magoti, viti vikielea sebuleni kama vinamcheka. Alipokuwa akipapasa droo aliwaza: nikitoka nikakuta gari limesombwa? Hakuthubutu kugeuka kutazama dirishani. Alitoka na kipande kidogo kuliko kiganja, amekiinua juu ya kichwa.

Aliibandua kofia tena, akasugua mpaka vile vijiulimi vikang'aa. Alijibana kifundo cha kidole, akalia kwa maumivu, akaendelea. Akafunga kofia, akaifunika kwa mfuniko wake wa plastiki isilowe tena, akaruka kwenye usukani.

Injini ikapiga chafya. Ikazima. Akaomba bila maneno. Akazungusha tena, ikanguruma, ikatikisika, ikashika.

Waliparamia lango bila kulifungua. Alikuwa amewahi kuendesha uwanjani tu, Fundi akimcheka. Sasa alipanda mlima kwa gia ya kwanza tangu chini hadi juu, injini ikilia mpaka askari wakawapisha. Jirani alikuja mbio, akashika dirisha.

"Zima gari, shemeji," alisema. "Mmefika."

Mama Pindo hakuzima. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania usukani, ikabidi jirani avibandue kimoja kimoja.

Nyumba yao ilibaki na kuta mbili. Cherehani haikuonekana tena. Wanakaa kwa wifi yake sasa, juu, mbali na mto, anashona kwa cherehani ya kuazima, na wateja wameanza kumfuata. Lakini wingu likitanda hawezi kushona mstari ulionyooka. Huacha kazi, huenda kukaa kando ya Fundi, humshika ule mkono usiohisi kitu, na hukaa hivyo mpaka mvua ipite.