Siku Ziwa Lilipolisikia Jina Langu

Nilipokuwa mtoto, hatukuruhusiwa kuitana majina juu ya Ziwa Duluti. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyetuwekea sharti hilo, na yeye alilipokea kwa waliomlea. Shamba lake la migomba na kahawa lilipakana na msitu unaolizunguka ziwa, na ukisimama nyuma ya jiko lake uliyaona maji chini kabisa kupitia matawi, ya rangi ya kijani iliyokaribia weusi, yametulia kama yamewekwa ndani ya bakuli. Bibi alisema ziwa lile linasikia. Halimjui mtu mpaka lisikie jina lake. Likishalisikia, siku likiamua kujifunga linamfungia mwenye jina humo ndani, na wenzake wote wanaweza kutoka isipokuwa yeye.

"Mkiwa kule mwitane wewe na wewe," alituambia. "Majina mtayakuta nchi kavu mkirudi."

Ukubwani nilisoma mahali kwamba ziwa hilo wala si la kina cha kutisha. Haikunisaidia kitu. Ukiambiwa jambo ukiwa mdogo kiasi kile, linakaa mahali ambapo kusoma hakufiki.

Watoto wengi wa pale walilitii sharti kwa kukaa mbali na maji, basi. Mimi sikuweza, kwa sababu mama yangu alikuwa na mashua.

Mama alikuwa fundi wa kushona mahema ya watalii. Tuliishi Sokon One, mtaa wa mjini, nyumba ya kupanga, na chumba cha mbele kilikuwa cha mashine zake na marobota ya turubai yaliyopandana hadi kuziba dirisha. Baba alikuwa dereva wa kupeleka wageni mbugani, kwa hiyo wiki nyingi tulikuwa sisi wawili tu, tukipenya pembeni ya turubai kwenda jikoni, tukipenya tena kwenda kulala. Siku moja mama mmoja wa Kizungu alileta tanga lililochanika akiuliza kama linaweza kushoneka. Mama hakuwa amewahi kuona tanga. Alilishona kwa uzi wa mahema, na yule mama alipoona kazi ilivyo nzuri akamchukua hadi Duluti kuliona likifanya kazi. Mama aliporudi jioni ile alikaa amelishika fundo la kitenge chake, anatabasamu peke yake.

Waliendelea hivyo, mmoja akishona na mwingine akifundisha, mpaka yule mama alipostaafu na kurudi kwao. Mashua akamwachia mama yangu.

Ilikuwa ya mbao nyembamba za plaiwudi, nzee kuliko mama mwenyewe. Kila mwaka mvua za masika zilipoisha tuliigeuza juu chini nyuma ya jiko la Bibi, tukaikwangua rangi kwa vipande vya kioo, tukatafuta palipooza kwa kubonyeza na kidole gumba. Pakibonyea, mama alikata, akaweka kiraka, akapaka gundi ya kuchanganya iliyonuka hadi kwenye ugali. Watu wa pwani wana maneno yao kamili kwa kila kipande cha chombo. Sisi tulikuwa watu wa mlimani, mama Mchaga na baba Mmeru, tukaviita kwa majina ya mahema: mlingoti ulikuwa nguzo, tanga lilikuwa turubai. Katikati ya mashua kulikuwa na kisanduku chembamba ambamo ubao mrefu ulishuka kwenda majini ili mashua isisukumwe upande. Kisanduku hicho ndicho kilichotusumbua miaka yote. Kilivuja palipoungana na sakafu, na kila tulipokiziba kilipata pengine pa kuvujia.

Bibi alitutazama tukifanya kazi hiyo na hakusema neno mbele ya mama. Walikuwa hawajazoeana hata baada ya miaka yote ile. Kwangu alisema, tukiwa wawili tunamenya ndizi, "Mama yako ametafuta mlango wa kutokea, akaupata kwenye shimo."

Wenye mashua pale walikuwa wachache, na mashua zao zote zilikuwa za umri huo huo, zimejaa viraka. Jumamosi za kiangazi, upepo ukiwepo, walishindana kuzunguka madumu ya njano waliyoyatia nanga kwa mawe. Aliyekuwa akishinda mara nyingi ni Mzee Karim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu mpole sana nchi kavu na mkorofi kidogo akiwa majini. Mama alikuwa wa mwisho kila mara. Mimi nilikuwa mtu wake wa pili. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya tanga dogo la mbele na kuhamia upande nitakaoambiwa. Siku nzima ya mashindano hatukutajana. Yeye aliniita "mwenzangu", na nilipenda hivyo kwa sababu nyumbani hakuniita hivyo.

Siku ninayoikumbuka tulianza vizuri kupita siku zote. Upepo wa Duluti hauji sawasawa, unadondoka kutoka juu ya ukingo mara huku mara kule, na asubuhi ile kila ulipodondoka ulitukuta sisi. Tulilizunguka dumu la kwanza tukiwa mbele. La pili vilevile. Mama alikuwa amekaa ukingoni, mgongo wake uko nje juu ya maji, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Ili mashua iwe nyepesi alikuwa ameacha kasia ufukweni. Aliniambia hayo kwa sauti ya chini, kama tunaiba.

Tulipofika katikati upepo ukakata.

Haukupungua. Ulikata, na maji yakawa laini ghafla, yakang'aa kama yamepakwa mafuta. Tanga likalegea na kuning'inia. Wenzetu walikuwa wamebaki nyuma karibu na msitu, na huko pembeni kipande cha upepo kilikuwa bado kinatambaa, wakapita mmoja mmoja taratibu, wanatusogelea, wanatuacha. Mzee Karim alipofika usawa wetu aliita, "Nikutupie kamba, Mama?"

Hakutaja jina. Hata yeye alilijua sharti la pale, au labda alikuwa na adabu tu.

"Niko sawa," mama alijibu. Kuvutwa kulikuwa ni kutolewa mashindanoni.

Wakamaliza, wakapotea nyuma ya matete upande wa pili ambako chai yao ilikuwa inasubiri. Tukabaki. Ukingo wa msitu ulituzunguka pande zote, mrefu, na juu yake Mlima Meru, na sauti haikutoka popote. Nilijaribu kutafuta upande ambao si ukuta na sikuupata. Nilihisi kama kifuniko kimeshushwa. Nikajua kwamba ndiko kujifunga kwenyewe kwa ziwa, vile Bibi alivyosema, na nikamshukuru Mungu kwamba halijasikia jina la mtu.

Kisha nikahisi baridi miguuni. Kisanduku kilikuwa kimefunguka, hakitoi matone kama kawaida. Maji yaliingia kwa mfululizo. Nilichukua kidumu kilichokatwa nikaanza kuchota. Nilichota, mama akachota kwa mikono, na maji yakapanda tu. Alisimama akapunga kitambaa kuelekea matete. Hakuna aliyetoka. Nadhani ndipo alipoogopa, kwa sababu alipogeuka na kuniona nimetulia kidogo kupumzisha mkono, alisema kwa ukali:

"Upendo, chota."

Jina langu lilienda hadi ukutani likarudi. Nililisikia likirudi.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Mikono iliacha kufanya kazi. Nilikaa na kidumu mapajani, nikimtazama mama, na niliona wazi kabisa jinsi mambo yalivyokuwa: yeye angeweza kutoka, kwa kuwa ziwa halimjui. Mimi ndiye niliyefungiwa, na mashua inazama kwa ajili yangu. Nilikuwa nimevaa koti la kuelea ambalo mama alinishonea kwa turubai na sponji ya magodoro. Nikasimama, nikavusha mguu mmoja nje ya mashua.

Mama alinidaka kwa mkanda wa koti. Mashua ililala upande, maji yakaingia zaidi.

"Unakwenda wapi?"

"Ili wewe uende," nilisema. "Limenisikia."

Alikuwa amepiga magoti ndani ya maji, kanishika kwa mikono miwili. Nilisubiri aniambie kwamba huo ni upuuzi. Alikuwa ameniambia hivyo nyumbani mara nyingi, kwamba Bibi ana mambo ya kizamani na tunamheshimu tu. Aliangalia yale maji laini, akaniangalia mimi. Halafu akageuza uso upande, akasema kwa sauti kubwa iliyo wazi, kama mtu anayejitambulisha kanisani:

"Mimi ni Ndeshukurwa. Ndeshukurwa binti Elia, wa Machame. Mama yake Upendo."

Sikuwa nimezoea kulisikia jina hilo. Kwa watu wa baba alikuwa Mama Upendo, kwa wateja alikuwa fundi. Nalo lilikwenda likarudi.

"Haya," aliniambia. "Limetusikia wote. Tuko wote humu. Sasa chota."

Nikachota. Sijui kwa nini mikono ilikubali, lakini ilikubali. Mama akaung'oa usukani kutoka nyuma ya mashua na kuanza kuutumia kama kasia, na kwa tendo hilo akawa ametoka mashindanoni. Usukani ni kasia baya. Tulikwenda kama konokono, mashua imejaa hadi ukingo unagusa maji, mimi ninachota na kulia kwa wakati mmoja, yeye anapiga maji upande huu na upande ule. Tulielekea upande wa shamba la Bibi kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Kenge mmoja mkubwa alikuwa amejilaza juu ya gogo, akatuangalia tunakuja, akaingia majini. Mashua ilizama tulipofika kwenye matete ya upande huo, mahali ambapo mama aliweza kusimama, maji kiunoni. Alinibeba.

Bibi alikuwa pale. Alituona kutoka nyuma ya jiko, akateremka njia ya msituni ambayo alikuwa hajaipita kwa miaka, ameshikilia miti.

"Shikamoo, Mama," mama yangu alisema, bado yuko majini.

"Marahaba." Akanipokea. "Limetajwa jina la nani huko?"

"La Upendo. Na la kwangu."

"La kwako nani amelitaja?"

"Mimi mwenyewe."

Nilidhani Bibi angemgombeza. Alivua kitenge cha juu, kikavu, chenye joto lake, akamfunga mama yangu mabegani, kisha akasema, "Twendeni juu. Mtoto anatetemeka." Njiani alimshika mama mkono palipokuwa na utelezi. Kuanzia siku ile alimwita Ndeshukurwa, mbele ya watu wote, na shangazi zangu walishangaa lakini hawakuthubutu kuuliza.

Mashua walikuja kuitoa Mzee Karim na wenzake, wenye aibu ya kunywa chai wakati ule. Mama aliikarabati, akarudi majini kiangazi kilichofuata. Mimi sikurudi. Hakunilazimisha, alimpata mtu mwingine wa kushika kamba. Lakini kwa miaka mingi sikuondoka kule katikati. Darasani mlango ulipofungwa kwa sababu ya baridi ya Juni nilitoka jasho. Hosteli nilikaa kitanda cha karibu na dirisha, nikagombana na watu kwa ajili yake. Nilipokwenda kumsalimia rafiki Mwanza nilivuka kwa kivuko nimefumba macho na kushika chuma. Hata leo nikiwa mahali penye watu wengi na njia moja ya kutokea, nasikia jina langu likigonga ukuta na kurudi.

Bibi alifariki. Mama ni mtu mzima sasa, mgongo unamsumbua, bado anashindana, bado ni wa mwisho mara nyingi. Mwaka huu nilikwenda kumsaidia kukwangua rangi. Tukiwa tunakwangua, kila mmoja upande wake, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile alipotaja jina lake, aliamini?

Hakuacha kukwangua.

"Sikuwa na nafasi ya kuamini wala kutoamini," alisema. "Mashua ilikuwa inajaa na wewe ulikuwa umeacha kuchota. Ningekuambia hakuna kitu, ungenisikia?"

Nilifikiri. "Nisingesikia."

"Basi."

Akapuliza vumbi la rangi, akaendelea na kazi.

Nimelifikiria jibu lake tangu siku hiyo. Wapo watu niliowasimulia ambao walisema alikosea, kwamba alinithibitishia hofu ambayo ingepaswa kung'olewa palepale, na labda wana haki, maana nimeishi nayo. Lakini wao hawakuwepo. Mimi nilikuwa nimeshafungiwa, na kila mtu aliyesimama nje akiniambia mlango uko wazi angebaki nje. Mama ndiye peke yake aliyepiga magoti akaingia mle ndani nilimokuwa. Sikupata kutoka siku ile, na sina hakika kwamba nimetoka. Nilipata mtu wa kukaa naye humo na kuchota.