Mfagia Dohani Aliyelizima Jiko la Mzee Asbjørn

Saa mbili na nusu asubuhi, Gunnvor Brekken amesimama juu ya paa la nyumba ya mbao nje kidogo ya mji mdogo wa Tynset. Ni Oktoba tu, na baridi imeshafika nyuzi saba chini ya sifuri. Anashusha brashi ndani ya dohani, bomba la kutolea moshi. Inakwama. Anaivuta juu, anaishusha tena, inakwama palepale.

"Haya si masizi," anasema, akikwangua brashi kwa ukucha. "Hii ni lami tupu. Ikishika moto, nyumba haiponi."

Gunnvor, mwenye miaka 46, ameajiriwa na halmashauri. Hufagia dohani zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Anasema brashi ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kubishana na wazee.

Wa leo anamsubiri chini na birika la kahawa. Asbjørn Nyvoll, 79, amefiwa na mkewe na anaishi peke yake. Rundo lake la kuni linajulikana barabara nzima: limenyooka kama ukuta, limefunikwa kwa plastiki pande zote nne na kukazwa kamba. Wapita njia husimama kulipiga picha.

Hata hivyo, Januari iliyopita mzee huyu alilala na koti. Alichoma kuni kutwa kucha katika jiko la kupashia nyumba joto, na juu yake akalipa krona 4,600 za umeme. Binti yake, Ingebjørg, amemtafutia chumba karibu naye huko Hamar na anataka jibu kabla ya Krismasi.

"Jiko likifungwa, nimekwisha," mzee anasema. "Umeme peke yake siuwezi. Itabidi nihame, na nyumba hii niliijenga na mke wangu."

Gunnvor anachukua magogo mawili kutoka kwenye rundo na kuyagonganisha. Yanatoa mlio mzito, uliokufa. Anapasua moja na kuchomeka kipima unyevu: asilimia 31. Haikutakiwa kuzidi ishirini.

"Mzee Asbjørn, umezifunga kuni zikiwa mbichi. Zitakaukaje? Unachoma maji."

"Kuni zangu? Wee, watu wanatoka Røros kuja kuzipiga picha!"

"Picha hazipashi joto. Na usiku? Unafunga hewa ya jiko?"

"Nabana kidogo, zifike asubuhi. Si ndiyo kubana matumizi huko?"

"Unabana moshi, mzee wangu. Wote umegandia kwenye dohani."

Kisha anaandika kwenye karatasi yake kwamba ni marufuku kuwasha jiko hilo hadi lami itolewe. Mzee anaisoma mara mbili. Kahawa inapoa.

"Nilijua kabisa ninachomfanyia," Gunnvor ananiambia baadaye garini. "Iliniuma. Lakini bora anichukie akiwa hai."

Kwa siku tisa Asbjørn aliishi jikoni na hita moja ndogo ya umeme. Ingebjørg alipopata habari, alianza kukusanya maboksi. Mzee yeye alikata kamba zake, akalibomoa rundo mbele ya macho ya jirani zake na kulipanga upya, kuni zikiachiana nafasi, zimefunikwa juu tu.

Siku ya kumi Gunnvor alirudi na mwenzake, wakaikwangua lami kwa minyororo. Kwa jirani aliomba kuni kavu za kumvusha mzee msimu huu, hadi zake zikauke. Akapanga magogo makubwa chini, vijiti juu, akawasha kule juu.

"Moto huwashwa kwa chini!" mzee alifoka. "Hata mtoto anajua."

"Basi leo mtoto akufundishe. Hewa iache wazi."

Moto ukashuka polepole, ukila gogo baada ya gogo. Asbjørn alitoka nje, akaona dohani haitoi moshi, akarudi mbio akidhani umezimika. Ulikuwa unawaka vizuri kuliko wakati wowote. Saa moja baadaye alivua sweta.

Simu ikalia. Ni Ingebjørg.

"Baba, umeamua?"

"Nimeamua. Pasaka uje na shoka. Tunapasua kuni za msimu ujao."

Upande wa pili kikasikika kicheko chenye machozi.

Gunnvor alikuwa mlangoni akivaa buti. Ameshaliandika jina la Asbjørn kwenye orodha ya kukaguliwa tena baada ya miaka miwili.

"Ninachotaka ni kimoja tu," anasema. "Nimkute hapahapa, akinibishia."