Figo za Philemoni

Agnela alidhani binti yao Nice amemwaga sabuni chooni. Alipomwaga maji, povu lilizunguka kidogo, likatulia palepale. Asubuhi iliyofuata Nice alikuwa shule, na Philemoni, mume wa Agnela, ndiye aliyetoka chooni. Povu lilikuwapo tena. Agnela akajua ni la mumewe.

Philemoni alikuwa fundi wa malori kwenye gereji pale Sakina, Mmachame mwenye mabega mapana, hajawahi kulazwa hospitali. Kulala chali chini ya malori kulikuwa kumemharibu mgongo, naye kwa miaka alimeza vidonge vya maumivu na chai ya asubuhi. Mgongo ukikaza, anaongeza. Maji ya kunywa aliyakumbuka jioni.

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Akivua soksi, alama inabaki imezama kwenye nyama. Asubuhi kope nzito, uso umejaa. Agnela alimsihi waende hospitali. Akajibu ni uchovu tu, lori la watu likiisha ataenda. Likaisha hilo, likaja jingine, mpaka siku alipoishiwa pumzi akikaza nati za tairi, wenzake wakambeba.

Daktari Resiato alimpima presha, akairudia. Akataka mkojo na damu. Majibu yalipotoka akawakalisha wote wawili.

“Baba, kwenye figo kuna vichujio vidogo sana, havihesabiki,” alisema. “Damu yako yote inapita pale, tena na tena. Maji, chumvi na uchafu vinapenya. Halafu mirija inarudisha mwilini maji karibu yote na vile unavyovihitaji. Kinachobaki ndicho mkojo. Protini haitakiwi kupenya. Yako inapenya, ndiyo povu hilo, na maji yanakimbilia miguuni.”

Akaeleza kwamba presha ilikuwa imevipasua vichujio kimyakimya, na vidonge vile vya maumivu vikazidisha. Vichujio vilivyokufa havifufuki.

Philemoni aliacha vidonge, akapunguza chumvi, akameza dawa za presha bila kukosa. Miguu ikapungua uvimbe, Agnela akathubutu kutumaini. Lakini kila walipopima damu, uchafu ulikuwa umepanda. Akaanza kuwashwa mwili mzima, chakula kikamnukia vibaya. Mwishowe akawa anakaa chooni muda mrefu, anatoka na kichwa kimeinama.

“Mkojo hautoki, Mama Nice.”

Hospitalini wakamwunganisha na mashine ya kusafisha damu. Aliuliza ataachishwa lini. Daktari Resiato akasema hataachishwa, labda apate figo ya ndugu.

Agnela akampigia Abdiel, mdogo wake Philemoni, aliyekuwa na duka la vipuri mjini, kumwomba figo moja. Abdiel alisikiliza hadi mwisho.

“Shemeji, wanakata upande gani?”

Akamjibu kwamba hajui. Akasubiri kwenye korido ya hospitali, simu sikioni. Nyuma ya kioo, mumewe alikuwa amelala, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine.

“Abdiel?” akaita. Simu ilikuwa bado hewani, na Abdiel hakuwa amekubali wala kukataa.