Tela la Rubisi

Mwaka ule nilipenda vitu viwili, na vyote viwili vilikuwa mbali na mikono yangu. Cha kwanza kilikuwa binti wa kijiji cha Mabira, na sioni haya kumtaja katika fungu moja na chuma, maana yeye mwenyewe amenicheka kwa hilo maisha yetu yote. Cha pili kilikuwa tela bovu la mgodi wa bati kule Kyerwa. Lilikuwa limelala ubavu majanini, gurudumu moja halipo, sakafu imeliwa na mchwa.

Nilikuwa dereva. Tajiri yangu, mnunuzi wa kahawa mwenye duka Rugera, alitoka Muleba kama mimi, na alikuwa na landrova iliyochoka ambayo mimi peke yangu nilijua namna ya kuibembeleza asubuhi mpaka ikawaka. Zaidi ya yeye sikuwa na mtu Karagwe nzima. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa, na ndugu wachache waliobaki walitawanyika huko na huko kutafuta kazi. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mnyambo mwenyeji wa pale, ambaye migomba yake ilianzia mlangoni hasa.

Baba wa binti hakunikataa. Angenikataa, ningejua la kufanya. Alinikaribisha, akanipa mrija nikanywa rubisi, pombe ya ndizi, akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, "Kijana, sina neno nawe. Lete rubisi ya posa kama ilivyo desturi. Lakini rubisi haiji yenyewe. Inaletwa na watu, kila kibuyu na kichwa chake. Watu wako wako wapi?"

"Watakuja, tata," nikamjibu. Ndivyo huku baba anavyoitwa, na mimi nilikuwa na haraka ya kumwita hivyo.

"Waje kabla ya mvua, na kibuyu kisipungue hata kimoja. Kuna mwingine ameshabisha hodi hapa, na ukoo wake unajaza kilima kizima."

Nilirudi Rugera kichwa kinawaka moto. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Hunipanda upesi, hushuka upesi, na hapo katikati huwa navunja vitu. Safari hii hazikushuka. Wabebaji sina, nikajiambia, lakini magurudumu ninayo. Landrova ilikuwa fupi, nyuma yake vingeingia vibuyu vichache, vingine nivirudie kesho, na posa haipelekwi kwa mafungu. Ndipo nikalikumbuka lile tela.

Tajiri alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Lichukue, ulitengeneze. Likibeba kahawa yangu msimu huu, kwenye posa yako utalitumia. Lakini liwe imara. Njia za huko unazijua."

Nilizijua vizuri. Kulikuwa na bonde la mafunjo ambalo matope yake hayakauki hata kiangazi, na baada ya bonde kulikuwa na mlima wa mawe. Tela lenyewe lilikuwa la barabara nzuri, tumbo lake karibu linagusa chini.

Nililifunga gurudumu la akiba la landrova, nikalikokota mpaka kwa mhunzi mmoja aliyekaa nyuma ya kilima chetu, mzee mfupi wa sauti kubwa, ambaye mababu zake walifua mikuki na majembe ya Karagwe tangu zamani. Alilizunguka, akalipiga teke dogo, akasema, "Huyu ni ng'ombe mzee, lakini mifupa anayo." Tangu hapo kila jioni nikitoka kazini nilikimbilia kwake. Furaha ya siku zile siwezi kuieleza ikaisha. Mivukuto inahema, makaa yanang'aa, wanawe wanapokezana nyundo, na mimi chini ya tela nimelala chali, grisi puani, naimba.

Kwanza tulilinyanyua. Ekseli ilikuwa juu ya springi, tukaihamisha ikakaa chini yake, na tela likapanda juu kama mtu aliyesimama baada ya kuchuchumaa. Kisha tukaongeza majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyolaliana, kutoka kwenye lori lililokufa, na mzee akafua vikuku vizito vya kuyabana pamoja. Mkono wa tela, ule unaoshikana na gari, tuliupiga kiraka cha chuma cha reli ya mgodini. Sakafu tuliweka mbao mpya. Kila tulipomaliza kitu nilisema tuongeze kingine, na mzee naye hakuwa mtu wa kukataa chuma.

Siku ya kulichukua nilikuja na landrova, nikataka kulifunga niondoke. Mzee akasimama mbele ya gari.

"Unaiba?" akaniuliza.

Katika nyumba yake, chuma kikubwa kilikuwa hakitoki hivyo. Kilitolewa kama binti anavyotolewa. Mke wake alilipaka tela samli kwenye mkono, wakalifunga majani ya mgomba, wanawe na majirani wakaanza kuimba. Mimi Mluteri wa Muleba nilisimama pale naona kichekesho, tena jua linazama na kahawa ya tajiri inanisubiri. Mzee akaniuliza mbele ya wote chuma kile kinakwenda kwa nani. Nikamwambia kwangu. Akasema, "Basi na wewe ni wa hapa. Kwetu anayefuliwa chuma kama hiki ni mtoto wa nyumba. Kuanzia leo usinisalimie kama mteja."

"Shikamoo, tata," nikasema, ili aniachie njia.

"Marahaba," akajibu, wala hakucheka.

Kwa kahawa, tela lile lilikuwa shujaa. Lilipita kwenye mawe na magunia yake likiwa limetulia, na mimi kwenye usukani nilijiona mkuu wa wilaya. Basi nikaona ni heri nilijaribu kwa posa. Nikaazima vibuyu vya mama mwenye nyumba, nikavijaza maji, nikazunguka navyo kilima mara moja. Niliporudi, nyuma kulikuwa na vigae na maji yanachuruzika. Tulikuwa tumelitengeneza kwa ajili ya magunia. Likiwa na mzigo mwepesi, springi zile nene hazikuinama hata kidogo, kishindo cha kila jiwe kilipanda moja kwa moja mpaka kwenye shingo za vibuyu. Watu wazima tulikaa wiki nzima kufua chuma cha kubebea posa, na hakuna aliyekumbuka kuwa posa hubebwa kwenye vibuyu.

Nikalipiga tela teke kwa nguvu zangu zote. Kidole kikaitika mpaka utosini.

"Hasira hasara," mama mwenye nyumba akasema, akitazama vigae vya vibuyu vyake.

Nikachechemea mpaka kwenye migomba iliyokatwa ndizi asubuhi ile, nikajitupa juu ya shina moja lililolala chini. Likanibonyea. Nikaruka kidogo, likanibonyea tena. Nikajaribu kulinyanyua, halikunyanyuka, kwa maji yaliyojaa ndani yake. Nilipiga kelele mama akadhani nimeumwa na nyoka. Uzito wa kuinamisha springi na godoro la vibuyu vilikuwa kitu kimoja, na mimi nilikuwa nimekikalia. Tukapakia mashina ya migomba sakafu nzima, juu yake tukasimamisha vibuyu viwili vilivyosalia. Nikazunguka kilima kwa mwendo wa kichaa. Vilirudi vimejaa mpaka mdomoni. Hadi leo mtu akiniambia hasira hasara, nalitaja shina lile.

Rubisi ilikamuliwa kwa mzee, ndani ya mtumbwi wa kukanyagia ndizi, na vibuyu tukaazima kila nyumba ya kilima. Mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika. Asubuhi ya safari nilikuta mzee amevaa kanzu na koti, wanawe nyuma yake, na majirani wale wale waliokuwa wameimba.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza.

"Chuma changu nakisindikiza," akasema.

Sikuwataka. Nilitaka kufika kwa mwendo wa gari na kuonyesha kuwa mtu mwenye magurudumu hahitaji ukoo. Lakini ulikuwa haubishani na mzee yule. Nikaendesha polepole, wao wakitembea na kuimba, mimi moyoni nanung'unika na huku nafurahi kupita kiasi.

Kwenye bonde la mafunjo tela halikukwama. Landrova ndiyo iliyokwama, mpaka kwenye milango. Mzee alivua koti akalitundika kwenye kioo changu, akaingia kwenye matope na kanzu yake, na wote wakaingia nyuma yake. Walisukuma, wakateleza, wakachekana, wakasukuma tena, na gari likatoka kwa kishindo. Kibuyu hakikumwagika hata tone.

Tulipofika Mabira, baba wa binti alitoka na ndugu zake. Alipanda mwenyewe kwenye tela, akagonga kila kibuyu kwa kidole na kusikiliza. Vyote vilikuwa vimejaa. Akashuka, akajifuta mikono.

"Rubisi nimeiona," akasema. "Na wenyewe?"

Nilikuwa na hotuba. Niliitunga njia nzima, juu ya nyakati mpya na magari. Nikafungua mdomo, na mzee wa chuma akapita mbele yangu, matope mpaka kiunoni.

"Waitu, mimi ndiye baba yake," akasema kwa heshima, kichwa kimeinama.

"Tangu lini? Kijana huyu alikuja hapa peke yake."

"Tangu nilipompa chuma. Na hawa ni ndugu zake."

Baba wa binti alimtazama, akawatazama wale wengine waliolowa tope, wamesimama kwa mstari kando ya tela. Kisha akasogea kando ya lango.

"Mbona basi mmesimama nje?" akauliza.

Wakaanza kuingia, kila mmoja na kibuyu kichwani. Mimi niliinama chini ya tela, nikajifanya nakagua springi, mpaka macho yaliponikauka.