Zamu ya Ghala Mikononi mwa Engracia

Hapa Torrolán shangazi yangu Engracia Lasheras aliitwa Bomba Wazi kwa karibu mwaka mzima. Dukani Bomba Wazi, kwenye baa Bomba Wazi, hata kanisani wakati wa kupeana mikono. Siku hizi watu wanaapa hawakuwahi kumwita hivyo. Mimi nilikuwepo, nilisikia.

Zamani alifanya kazi Ghala. Ndivyo tunavyoliita lile jengo jeupe lisilo na madirisha ng'ambo ya mfereji, lililojaa kompyuta. Kompyuta zile zinawaka kama tanuri. Maji yanazunguka ndani ya mabomba, yanabeba joto hadi paani, na huko feni zinalipeperusha. Siku nyingi za mwaka upepo wetu wa baridi unatosha. Ikifika Julai hautoshi, basi wanalowesha kuta za paani zenye matundu kama sega la nyuki, hewa inapita kwenye unyevu na kupoa. Kwa njia hiyo umeme unaoliwa ni kidogo, na Ghala limejisifia hilo kwenye bango langoni. Maji yenyewe ni ya mfereji wetu.

Shangazi ndiye aliyesafisha kuta hizo. Maji ya hapa yana chokaa, birika likikaa mwezi mmoja linaota gamba. Alipanda paani na burashi na ndoo ya unga wa ndimu, akayajua matundu yote. Alijua pia kwamba radi ikipiga milimani, maji ya mfereji yanashuka na tope, uyaache siku mbili.

Mkuu wa mitambo alikuwa Darío Lanaspa, mtoto wa hapahapa, nyumba ya mwoka mikate. Agosti moja radi ilipiga na tangi lao la maji lilikuwa karibu kukauka.

"Subiri keshokutwa, mwanangu," shangazi alimwambia. "Ile ni supu, si maji."

"Mama, wewe sugua. Kufikiri niachie mimi."

Akafungua bomba kwa mkono wake. Kabla ya jioni tope lilikuwa limeziba kila kitu na nusu ya Ghala ikazimwa kwa saa nne nzima. Kwenye ripoti Darío aliandika kwamba mfanyakazi wa usafi aliacha bomba wazi kwa uzembe. Shangazi akapewa barua ya kufukuzwa, mistari mitatu. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Baada ya hapo hakuna aliyempa hata ngazi ya kupiga deki. Ile barua aliiweka kwenye kopo la biskuti. Hakulia. Aliniambia, huku akimenya vitunguu, "Atalisema mwenyewe, kwa mdomo wake, watu wakimsikia." Akaendelea kumenya.

Mwaka uliofuata mlinzi wa mfereji alistaafu. Kazi hiyo haina anayeitaka: unazunguka na baiskeli juani, unafungua lango la maji la huyu, unafunga la yule, kila mtu anakutukana. Shangazi akaiomba. Mkutanoni mtu mmoja akapiga kelele, "Mpeni! Kuacha wazi anajua!" Wakacheka mpaka mzee Hilario, mwenyekiti wa wamwagiliaji, akagonga meza. Shangazi alicheka pamoja nao. Akachukua funguo na kijitabu cha kanuni, akarudi nyumbani, akakisoma kama mtu anayesoma wosia.

Machi kuna azofra. Ndiyo siku ya kusafisha mfereji. Kila anayekunywa maji yake anakuja mwenyewe na jembe lake, anapewa kipande chake kwa kura, na jina lake linaitwa. Asiyeitika anapoteza zamu moja ya maji, ile ambayo mlinzi ataichagua. Ghala limeandikwa kama mkulima mwingine yeyote, kwa jina la Darío, maana ndiye aliyetia sahihi. Miaka yote alituma kibarua na mlinzi wa zamani alifumba macho.

Machi hiyo Darío alituma katapila. Kwa saa moja lilichimba kuliko sisi sote kutwa. Watu wakashangilia. Shangazi akapanda juu ya jiwe na daftari.

"Lanaspa, Darío!"

Dereva wa katapila akainua mkono. "Niko hapa kwa niaba yake, mama."

"Wewe ni Darío?"

"Hapana, lakini kazi si hii hapa imefanyika?"

"Na chini ya daraja?"

Kipande cha Ghala kwenye kura kilikuwa chini ya daraja dogo, na katapila halipiti chini ya daraja. Pale unaingia kwa magoti. Shangazi akaandika: Hayupo. Mzee Hilario alitia sahihi bila kusoma, sandwichi mkononi. Kuanzia hapo shangazi hakulitaja tena jambo hilo. Aprili, Mei, Juni, alifungua lango la Ghala kwa saa yake bila kukosea hata dakika.

Julai ikaja na joto la digrii arobaini na mbili. Zamu ya Ghala ilikuwa Alhamisi asubuhi, ya kujaza tangi la kutosha siku kumi na moja, hadi zamu inayofuata. Shangazi akaenda na baiskeli, akafunga kufuli langoni, akabandika ukurasa wa Machi wenye sahihi ya Hilario.

Jumamosi saa sita mchana Darío alitokea kwenye baraza ya baa, ambako shangazi alikuwa ameketi, shati limemganda mgongoni. Wanaume wakaacha karata.

"Bi Engracia, tangi langu limebaki shimo. Nikikosa maji nawasha mashine za kugandisha, na hizo zinakula umeme mwingi kuliko niliopewa. Itabidi nizime nusu ya jengo."

"Pole. Joto kali, eh?"

"Niambie unataka nini."

"Mimi? Mimi nasugua tu, bwana mkubwa. Kufikiri nilikuachia wewe."

Mtu mmoja akapaliwa na bia. Darío akatazama viatu vyake. "Kile kipande cha daraja bado kipo?"

"Kinakungoja tangu Machi. Jembe unalo, au nikuazime?"

Akamwazima. Baa nzima ikahamia darajani na vigoda. Darío akaingia kwa magoti kwenye matope yanayonuka, akatoa mizizi, chupa, paka aliyekufa. Dakika arobaini. Shangazi alikaa ukingoni akila tikiti. Darío alipotoka hakuwa na rangi ya mtu.

"Sasa sema," shangazi akasema.

Alijua aseme nini. Akanong'ona.

"Hapa ukingoni sauti haijafika."

"Nililifungua mimi!" Darío akapiga ukelele. "Lile bomba! Alinikataza, nikafungua, nikamsingizia!"

Nilitazama nyuso. Yule aliyepiga kelele mkutanoni alikuwa anachunguza kucha zake.

Shangazi akatoa barua kutoka kwenye kopo la biskuti alilokuja nalo kikapuni, pamoja na kalamu. Darío akayaandika maneno yaleyale nyuma ya karatasi, akatia sahihi, tope likatiririka juu ya jina lake. Kisha akanyoosha mkono kupokea ufunguo.

Shangazi akakunja barua. "Zamu yako ijayo si Jumatatu hii ya keshokutwa, ni ile inayofuata, saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

"Lakini nimesema! Nimesafisha!"

"Umesafisha kipande chako. Na ulichosema nimekisikia. Zamu iliyopotea imepotea."

Mzee Hilario akajikohoza. "Engracia, mtu amepiga magoti."

"Mzee, nisomee kanuni ya ngapi inayotaja magoti. Nimesoma zote, sikuiona. Lakini kuna inayosema jirani akipenda anaweza kumpa zamu yake mwenyewe. Nani anampa?"

Akawatazama mmoja mmoja. Mahindi yao yalikuwa yamesinyaa kwa joto. Wakaanza kukusanya vigoda vyao.

Jumapili mashine za kugandisha za Ghala zilinguruma mpaka vioo vyetu vikatetemeka. Jumatatu asubuhi zikanyamaza, na nusu ya Ghala ikanyamaza nazo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya bustani yetu. Shangazi alifungua lango dogo, akavua viatu, akasimama katikati ya nyanya maji yakimpita vifundoni, akasimama muda mrefu kuliko nyanya zilivyohitaji.

Barua ameipigilia msumari kwenye mlango wa ofisi ya wamwagiliaji, upande wa nyuma ukiwa mbele, chini ya orodha ya zamu. Anayetaka kujua saa yake ya maji lazima apitishe macho hapo. Alama ya kidole cha tope imekauka, haitoki.