Aliyempigia Winfrida kwa Sauti Yangu

Mama amenikataza kulisimulia hili, na Winfrida hataki hata kulisikia. Lakini lilitupata, na sina faida yoyote ya kukudanganya.

Ni mwaka ule shule zilipofungwa kwa ajili ya corona. Mimi nilirudi kwetu Kirumba, Mwanza mjini. Winfrida, rafiki yangu wa bweni, akarudi kwao Nansio, kisiwani Ukerewe. Baba alipiga marufuku kutoka getini, basi rafiki yangu akabaki ndani ya simu. Tulichati tangu asubuhi mpaka chaji inakata.

Wiki ya tatu akaanza kuchelewa kujibu. "Samahani jamani, nilikuwa naongea na Leah."

Leah gani? Akasema ni msichana aliyemtumia ujumbe tu, hawajawahi kuonana, ila anachekesha kuliko watu wote. Kuliko watu wote! Na mimi je?

Nikuambie ukweli, niliona wivu mpaka chakula hakipiti. Nikioga, Leah. Nikifua, Leah. Siku moja nikiwa peke yangu jikoni nasugua sufuria, nikasema kwa mdomo wangu, "Bora Winfrida asiwe na mtu mwingine duniani, abaki na mimi tu." Simu ilikuwa dirishani, imezimika, haina chaji. Nikajionea aibu, nikaendelea kusugua.

Kesho yake nikaomba namba ya Leah, nikamwandikia: "Achana na rafiki yangu." Akajibu kwa ujumbe wa sauti. Nikaufungua. Ilikuwa sauti yangu mimi, na mafua yangu ya siku ile, ikisema, "Bora Winfrida asiwe na mtu mwingine duniani, abaki na mimi tu." Na nyuma yake sufuria inasuguliwa.

Najua utasema kuna programu za kuiga sauti. Sawa. Simu iliyozimika inarekodi?

Nikamficha Winfrida jambo hili. Hapo ndipo nilipokosea. Lakini ningemwambiaje bila yeye kujua nilichokisema?

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, ukaingia ujumbe wake: "Nakuja! Usiondoke hapo." Nikampigia, namba inatumika. Nikarudia, inatumika. Nikampigia mama yake.

"Shikamoo mama. Winfrida yuko wapi?"

"Marahaba. Jamani, si wewe uliyempigia sasa hivi? Nimekusikia mwenyewe kwenye spika. Umesema umeshuka na meli, unamsubiri ufukweni."

"Mama, mimi niko Mwanza! Niko nyumbani! Mkimbilie!"

Alikimbia bila kukata simu. Nikasikia kandambili zake, nikasikia anaita jina la mwanawe, kisha kelele za wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Walimkuta maji yamemfika kidevuni, na hajui kuogelea, simu sikioni, anacheka. Walipomvuta nchi kavu aliwapiga ngumi, akilia kwamba wanamtenganisha na mimi. Nilimsikia akisema hivyo. Na Mungu anisamehe, kitu fulani ndani yangu kilifurahi.

Namba ya Leah haikupatikana tena. Shule zilipofunguliwa Winfrida alihamia kitanda cha mwisho bwenini. Leo sisi ni watu wazima, kila mmoja na kazi yake, lakini hapokei simu yangu. Nikitaka kumsalimia napanda meli mpaka Nansio. Nikibisha hodi, ananitazama miguu kwanza, ndipo ananikaribisha. Simlaumu.

Wewe unayesoma, ukimwonea rafiki yako wivu, mwambie mwenyewe, usoni, hata kama mtagombana. Mwambie leo. Ukiuficha moyoni utapata wa kukusaidia, na hutaupenda msaada wake.