Nilichagua "1" nikidhani ni Division One, laptop yangu ya core nne nusura iniumbue kwa shangazi

Wakuu, kwema humu ndani?

Ninachoandika kimenitokea mwezi huu huu na sijaongeza chumvi. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu, ningeanza kwa kujiondoa mimi.

Nakaa Kibaha, jirani na Kwa Mathias. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wakisikia honi za mabasi wanawaza safari, mimi nawaza kufunga dirisha. Naishi na mama, elimu yangu form four, na kazi yangu ni ku-edit video za watu. Laptop ni used, ila ina processor ya core nne. Hizo core nne nimezitangaza kuliko hata aliyeniuzia.

Sasa binti wa shangazi yangu wa Kurui, Kisarawe, akaolewa. Ukoo ukataka kukodi mtu wa kutengeneza video ya harusi. Shangazi akakataa katakata.

"Kukodi ya nini na mwanangu yupo? Kompyuta yake ina wapishi wanne ndani."

Hayo ya wapishi nilimfundisha mimi. Aliwahi kuniuliza core ni nini, nikamwambia ni kama wapishi wa shughuli: wakiwa wanne, wali unawahi.

Baba mdogo akaguna. "Huyu kutoka nje ya geti tu ni mtihani. Hiyo video tutaiona lini?"

"Siku fungate inaisha, hapa hapa kwangu," shangazi akajibu. Mimi sikuulizwa.

Kwa wasio wa huku, fungate ni zile siku saba baada ya ndoa. Ya saba ndugu wanarudi kula pamoja. Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja, na heshima ya shangazi mbele ya ukoo mzima ilikuwa ndani ya laptop yangu.

Siku nne za kwanza nilikata na kuunga vipande ambavyo ndugu walirekodi kwa simu zao. Mashine ilikuwa nzito, ila navumilia. Siku ya tano asubuhi nikasema kabla sija-export, yaani kuitoa iwe video moja kamili, niiongezee nguvu kwanza.

Hapo ndipo nilipojiroga.

Nikaangalia video moja mtandaoni, jamaa anaongea haraka kama kondakta. Andika msconfig, ingia Boot, kisha Advanced options, weka tiki kwenye Number of processors. Nikaweka. Kikafunguka kisanduku: 1, 2, 3, 4.

Wakuu, mimi nilisoma shule za hapa hapa. Division One ni ya vichwa. Division Four ni yangu mimi, cheti kipo kabatini. Sasa mtu akinipa kuanzia 1 hadi 4 na nataka performance bora, nichague nini?

Nikachagua 1. Nikabonyeza OK kwa kujiamini, nika-restart, nikaanza ku-export.

Ikaandika imebaki saa thelathini na kitu.

Nikajua inajipanga. Nikaenda kunywa chai, narudi, saa zimeongezeka. Nikafungua Task Manager kuona mashine inavyofanya kazi, CPU ipo asilimia mia. Nikafurahi kabisa. Nikamwambia mama, "Unaona? Inajituma."

Mchana ikaganda, nikaanza upya. Siku ya sita asubuhi ikaganda tena, mshale haujongei. Nikafuta magemu, nikafuta picha, nikalaumu umeme, nikalaumu joto la Pwani. Kila kitu kilikosea isipokuwa mimi.

Saa nne shangazi akapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Video tayari? Baba yako mdogo kashaanza maneno."

Nikajikakamua. "Ipo jikoni tangu jana shangazi, inaiva taratibu."

"Tangu jana? Wapishi wanne na wali haujaiva?" Akacheka. "Basi watatu wamelala. Kawaamshe."

Nikacheka pia, kwa adabu. Simu ilipokatika sikucheka tena.

Nikarudi Task Manager, safari hii nikabonyeza Performance, nikasoma maandishi madogo ya chini ambayo huwa siyasomi. Cores: 1.

Moja! Watatu hawakulala, nilikuwa nimewafungia nje kwa mkono wangu. Ile namba si daraja la ufaulu. Ni idadi ya wanaoruhusiwa kuingia kazini.

Nikarudi msconfig, nikatoa ile tiki kabisa, OK, restart. Cores: 4. Nilishukuru kwa sauti hadi mama akaja kuangalia kuna nini, nikamsimulia yote.

Nika-export. Imebaki saa mbili na nusu! Nikaanza kujipigia makofi.

Dakika ishirini mbele, ikaanza kusuasua. Nikashika chini ya laptop, nikautoa mkono mbio. Moto kama pasi.

Mnajua nyumba zetu. TV ina kitambaa cha kufuma, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa. Mama aliifumia na laptop yangu cha kukalia, kinene, chenye maua. Matundu ya hewa yote yameziba kwa upendo wa mzazi. Na processor ikipata joto sana inajipunguzia kasi isiungue, hata ziwe core kumi.

"Mama, hiki kitambaa inabidi kitoke."

"Kitambaa changu kimekukosea nini? Wewe ndiye uliyekosea namba."

Nikakitoa, nikainua laptop kwa vizibo vinne vya soda, nikasafisha matundu kwa mswaki wa zamani. Nikaiweka kwenye chaja na power mode nikaipeleka Best performance. Nikafunga browser yenye tabo zangu arobaini.

Saa tisa alasiri video imekamilika. Nimeiangalia mwanzo mwisho, haijakwama popote. Pumzi niliyoishusha hapo mngeisikia Mlandizi.

Kesho yake nikatoka nje ya geti. Nikabadilisha gari Kisarawe mjini, nikafika Kurui na flash mfukoni, nikiipapasa kila kona.

Sebule ilijaa. Bibi harusi alipotokea kwenye TV akimuaga mama yake, watu wakasogea mbele. Shangazi akajifuta machozi kwa kanga, kisha akamgeukia baba mdogo.

"Haya, sema sasa."

Baba mdogo akakohoa. "Irudishe nyuma pale nilipokuwa nacheza."

Tumeirudisha mara sita, wakuu.

Nilichojifunza: Windows inatumia core zote yenyewe, haihitaji ruhusa yako. Ile sehemu ya msconfig inapunguza tu, haiongezi, kwa hiyo msiiguse. Ukiona mashine nzito, soma Cores kwenye Task Manager, kisha gusa chini kama inachemka, ndipo uanze kulaumu umeme.

Wataalamu, nirekebisheni nilipokosea. Na mwingine aliyewahi kuchagua 1 ajitokeze hapa chini. Sitaki kuamini Tanzania nzima nipo peke yangu.